Namna ya Kusimamia Kikosi cha Watunza Bustani za Umma: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa kikosi cha watunza bustani katika eneo la umma, liwe bustani ya mji, kingo za barabara kuu, au viwanja vya hospitali na chuo. Mifano yangu mingi inatoka Dar es Salaam na ukanda wa pwani, ambako ndiko ninakofanya kazi. Anayesoma akiwa Arusha au Nairobi atabadilisha miezi ya misimu na majina ya mimea, lakini utaratibu wa kuongoza watu atauona ni ule ule. Jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni kwamba bustani nyingi za umma huharibika hata pale ambapo watu wa kutosha wapo, kwa sababu hakuna pembe yenye mwenyewe. Kila mmoja amefanya kazi kila mahali, na hakuna anayeweza kuulizwa kwa nini ua fulani limekauka.

Hatua ya 1: Tembea eneo lote kabla ya kumpangia mtu kazi

Chukua daftari, kalamu na futi ya kupimia, kisha chora ramani ya mkono. Weka alama kwenye kila koki, valvu, mita ya maji, mfereji, taa, benchi na mti mkubwa. Andika mahali maji yanapotuama baada ya mvua na mahali ambapo watu wamekwishajichongea njia ya mkato katikati ya nyasi. Njia ya mkato inayotumiwa kila siku usiizibe kwa miche, kwa kuwa itakanyagwa wiki hiyo hiyo. Omba vitofali, uipange njia hiyo vizuri, na upande nyasi zako pembeni yake.

Tembelea eneo alfajiri, mchana na jioni. Bustani ya Forodhani kule Zanzibar, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati mkubwa, asubuhi ni mahali pa kupumzikia tu, lakini jioni hujaa wauza vyakula na wateja wao. Msimamizi anayeijua bustani ya namna hiyo kwa sura yake ya asubuhi peke yake atapanda maua mapya pale pale patakaposimama foleni usiku.

Hatua ya 2: Gawa eneo katika vipande, na kila kipande kiwe na jina la mtu

Mpe kila mtunza bustani kipande chake cha kudumu: kufagia, kupalilia, kumwagilia na kutoa taarifa ya kila kilichoharibika ni juu yake. Ukubwa wa vipande usilingane kwa mita, ulingane kwa kazi. Kipande chenye vitanda vya maua na ua wa michongoma kinakula muda mwingi kuliko uwanja wa ukoka ulio mara tatu yake, na wafanyakazi wanalijua hilo vizuri; ukigawa kwa kamba tu utaonekana una upendeleo.

Tenga siku moja au mbili kwa wiki kwa ajili ya kazi za pamoja zisizofaa mtu mmoja: kubeba samadi, kupogoa miti, kuzibua mifereji. Usiwahamishe watu vipande kila mwezi. Mtu huhitaji kuona mvua na kiangazi katika kipande kimoja ndipo ajue ni wapi mchwa wanaanzia na ni mche gani hudanganya kwa kunyauka mchana na kuamka jioni.

Hatua ya 3: Onyesha kiwango cha kazi ardhini

Agizo la "safisha vizuri" halina maana moja kwa watu wawili. Chagua mita chache za mraba, zifanye wewe mwenyewe pamoja na mfanyakazi mzoefu hadi ziwe kama unavyotaka, kisha uwaite wote waje watazame. Waonyeshe kingo ya nyasi iliyokatwa wima, kitanda kilichopaliliwa hadi kwenye mizizi, na ndago iliyong'olewa pamoja na kiazi chake. Ndago ikikwanguliwa juu tu kwa jembe hurudi baada ya siku chache, kwa sababu uhai wake uko kwenye viazi vilivyojificha chini. Acha mita hizo ziwe kipimo, na mtakapobishana siku za mbele, rudini hapo mtazame.

Hatua ya 4: Panga siku kwa kufuata jua na watu

Kwa mji wa joto kama Dar es Salaam, kazi ianze saa 12:30 asubuhi. Kufagia na kuondoa taka kutangulie, kabla watu hawajawa wengi na kabla kunguru hawajapasua mifuko na kutawanya mabaki ya chakula. Pipa lisilo na mfuniko ni kazi ya ziada unayojitengenezea mwenyewe. Kumwagilia kufuate mapema. Mashine za kufyekea zifanye kazi kabla ya saa 4 asubuhi mahali ambapo watu hupumzika mchana, na kazi za kivulini, kama kuotesha miche kwenye viriba na kunoa vifaa, ziachwe saa za jua kali.

Heshimu sheria katika ratiba hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na inampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya dakika 60. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Msimamizi ndiye anayeandika saa hizo kwenye kitabu cha mahudhurio, kwa hiyo mtu akipunjwa malipo, mara nyingi upunjaji umeanzia kwenye kalamu ya msimamizi.

Hatua ya 5: Pima maji badala ya kukisia

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukikumbuka hilo tu, unaweza kupanga kila kitu. Kipande cha nyasi cha mita za mraba 2,000 ukitaka kukipa milimita 20 kwa wiki kinahitaji lita 40,000, yaani tangi la lita 5,000 lijazwe mara nane, au boza la lita 10,000 lije mara nne. Peleka hesabu hiyo ofisini kabla ya kiangazi. Inasikilizwa kuliko ombi la "maji hayatoshi".

Kama unatumia vinyunyizio, panga makopo matupu yenye kuta zilizonyooka sehemu mbalimbali za nyasi, fungua maji kwa dakika 15, kisha pima kina kwa rula. Utaona kopo moja lina maji mengi na jingine lina matone tu, na hapo ndipo utajua kwa nini kuna duara la njano lisilokwisha.

Kosa la kawaida zaidi ni kumwagilia kidogo kidogo kila siku. Ardhi inang'aa na mfanyakazi anaridhika, lakini ukichimba kwa kisu hadi kina cha kidole, mara nyingi utakuta weusi wa maji umeishia juu kabisa na chini yake ni mchanga mkavu unaomiminika. Mizizi hufuata maji. Yakibaki juu, nayo hubaki juu, na jua la siku mbili linaiua. Ni afadhali kumwagilia nyasi mara mbili au tatu kwa wiki, na kila mara maji yazame. Mfundishe kila mtu kuchimba na kutazama kabla hajafunga mpira. Ikiwa maji yenu ni ya kisima kilicho karibu na bahari, yaonje au yapimwe, kwa kuwa chumvi huunguza ncha za majani na hali huzidi kadiri unavyoongeza maji hayo hayo.

Mwisho, kagua kila chombo kinachoshika maji: matairi yaliyogeuzwa vitanda vya maua, visahani vya chini ya vyungu, mifereji iliyoziba. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wanaoieneza huuma mchana, wakati bustani ina watu. Tairi litobolewe chini, na maji yaliyotuama yamwagwe angalau mara moja kwa wiki.

Hatua ya 6: Simamia mashine na miti kwa ukaribu kuliko kitu kingine

Nyasi iliyokosewa hupona baada ya wiki chache, ila mti uliokosewa unaweza kupotea pamoja na miaka 20 ya kivuli. Kwa hiyo hapa nakaa kirefu.

Anza na nyasi. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kama unataka ukoka ubaki sentimita 4, ukatwe unapofika sentimita 6; wakati wa masika hiyo inaweza kuwa kila wiki, na wakati wa kipupwe unaweza kungoja zaidi. Nyasi zilizoachwa hadi magotini kisha zikafyekwa hadi ardhini hubaki vishina vya manjano, na magugu huingia kwenye nafasi zilizo wazi.

Sasa tazama shina la mti mchanga uliopandwa katikati ya nyasi. Piga goti ulichunguze pale linapoingia ardhini. Mara nyingi utaona mikwaruzo myeupe imezunguka shina, mingine mipya na yenye unyevu, mingine imekauka na kupasuka. Hiyo ni kazi ya uzi wa mashine ya kufyekea, ule wa plastiki unaozunguka na kukata nyasi, uliosogezwa karibu ili kumaliza nyasi za mwisho. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia tabaka lililo chini tu ya gome. Tabaka hilo likikatwa kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa. Juu mti unaweza kubaki na majani kwa muda, kisha ukakauka, na lawama ikaenda kwa mchwa au ukame. Nimeona miche mingi ya miashoki na mikungu ikifa hivyo kuliko kwa ugonjwa wowote.

Dawa yake ni rahisi. Kila mti mchanga uwe na duara la nusu mita kila upande lisilo na nyasi. Duara hilo lifunikwe kwa matandazo ya majani makavu au vipande vya matawi, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiyogusa shina. Mwendesha mashine aelezwe kwamba ndani ya duara hilo mashine haiingii kabisa. Magugu hung'olewa kwa mkono.

Kabla ya kuwasha mashine, mawe, chupa na waya ziokotwe. Mwendeshaji avae miwani, gambuti, suruali nzito na kinga ya masikio, na mtu yeyote awe umbali usiopungua mita 15. Akikaribia, mashine izimwe, hata kama ni bosi wa ofisi. Jiwe lililorushwa na mashine halichagui.

Tawi zito likatwe kwa mikato mitatu. Wa kwanza ni wa chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, uishie sehemu ya tatu ya unene. Wa pili ni wa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, ndio unaoangusha tawi. Wa tatu ni wa kuondoa kigutu kilichobaki, nje tu ya uvimbe ulio kwenye maungio ya tawi na shina. Uvimbe huo ndio unaofunga jeraha. Ukiukata, mti hubaki na kidonda. Bila mkato wa kwanza, tawi hushuka likichuna gome hadi chini.

Minazi iliyo juu ya njia na mabenchi iwe na mkwezi wake anayekuja kwa ratiba kuangua nazi na kuondoa makuti makavu, huku eneo la chini likizungushiwa kamba na mtu akisimama kuzuia wapita njia. Magogo ya minazi iliyokufa yaondolewe upesi, kwa kuwa chonga, mdudu anayetoboa minazi, hutaga mayai kwenye magogo yanayooza na kwenye marundo ya samadi iliyosahauliwa.

Hatua ya 7: Andika kalenda ya mwaka

Februari, kabla ya mvua na pepo zake, ondoa matawi makavu na uzibue mifereji. Masika yakishika, kati ya Machi na Mei, panda miti na uzibe mapengo ya nyasi. Kipupwe ni wakati wa kukata nyua na kukarabati vifaa. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inatosha kwa maua na vichaka, lakini mti uliopandwa Desemba lazima uwe na mtu wa kuumwagilia hadi Machi.

Hatua ya 8: Kagua kila siku na useme papo hapo

Pita kila kipande mara moja kwa siku, ukiwa na mwenye kipande. Sifa itolewe mbele ya watu, na kasoro isemwe mkiwa wawili. Watunza bustani wengi ni wakubwa kwa umri kuliko wasimamizi wao, na maneno yachukue adabu hiyo: "Shikamoo mzee. Naomba tuutazame mti huu pamoja, nadhani mashine imeugusa." Mzee atainama, atatazama, na mara nyingi atakueleza jambo usilolijua, kwa mfano kwamba uzi wa mashine uliobadilishwa wiki iliyopita ni mrefu kupita kinga yake.

Jioni andika kwenye daftari la kazi mambo manne: nani alikuwepo, nini kimefanyika kila kipande, kifaa gani kimeharibika, na nini kinangoja ofisi. Vifaa virudi stoo vikiwa vimefutwa udongo, na makali ya mafyekeo yapitishwe tupa siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Kabla ya kwenda likizo, kabidhi kwa kutembea

Usimwachie mwenzako funguo na daftari tu. Mzungushe eneo lote kwa ramani ile ile ya hatua ya kwanza, umtambulishe kwa kila mwenye kipande, umwonyeshe valvu inayovuja na jinsi ya kuifunga, miti iliyopandwa msimu huu inayohitaji maji, na tawi unalolitilia shaka juu ya kituo cha daladala. Kila kimoja kiandikwe pamoja na tarehe kinapotakiwa kushughulikiwa, nyote wawili mtie saini, na nakala moja ibaki stoo.