Kuwa dereva teksi Mwanza: anza na karatasi, gari baadaye

Vijana wengi wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huniuliza habari za gari kwanza: nitapata wapi Toyota IST, hesabu (fedha anayopelekewa mwenye gari) ni shilingi ngapi kwa siku. Huwa nawarudisha nyuma. Gari lina karatasi zake na dereva ana zake, na ukikosa za kwako, bosi makini, yaani mwenye gari, hakukabidhi funguo.

Hatua ya 1: Leseni yenye daraja sahihi

Daraja B ni la gari binafsi. Kubeba abiria kwa malipo unahitaji kundi la C, ambalo limegawanywa kwa idadi ya abiria. Kama huna leseni kabisa, anza na namba ya NIDA na TIN ya TRA, kisha uingie shule ya udereva iliyosajiliwa. Chuo cha ufundi cha VETA tunacho Nyakato. Utapewa leseni ya kujifunzia, utafanya mtihani mbele ya polisi wa usalama barabarani, na ukifaulu unalipia leseni yako TRA.

Akitokea mtu wa kukuuzia cheti bila kukalia usukani, achana naye. Siku utakapopandisha Bugando na mgonjwa kiti cha nyuma, mvua inanyesha, gari la mbele likasimama ghafla kwenye mlima, utatakiwa ujue kuondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Hilo halinunuliwi.

Hatua ya 2: LATRA

Hii ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Ilichukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na ndiyo inayothibitisha madereva wa magari ya biashara. Fika ofisi yao ya mkoa, ujisajili na ufanye mtihani wao.

Hatua ya 3: Kagua gari kabla ya kulipokea

Tazama namba kwanza. Namba ya njano ni ya gari binafsi. Teksi inatakiwa kuwa na namba nyeupe, na kadi ya gari iandikwe biashara. Soma tarehe ya mwisho ya bima, kisha ya leseni ya LATRA ya gari lenyewe. Halafu ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni. Faini zikiwepo, mwenye gari azilipe kabla hujawasha injini, kwa sababu trafiki wa Mabatini atakayekusimamisha atakuta wewe ndiye uko kwenye usukani.

Kizimamoto, pembetatu za tahadhari, jeki na tairi la akiba viwepo, na uvijaribu.

Hatua ya 4: Hesabu iandikwe

Hapa ndipo madereva wengi wanapoumia. Msikubaliane kwa mdomo, hata kama bosi ni mjomba wako. Andikeni hesabu ni kiasi gani, nani ananunua tairi na oili, na siku gari likiwa gereji hesabu inadaiwa au haidaiwi. Hilo la gereji ndilo linaloleta ugomvi kuliko yote. Kama ni mkataba wa kumiliki gari baadaye, andikeni jumla ya fedha yote na ulipe kwa simu ili kila malipo yawe na kumbukumbu. Bosi asiyetaka kuandika, mwachie gari lake.

Hatua ya 5: Kijiwe na njia

Onana na mwenyekiti wa kijiwe, yaani kituo cha teksi, uliza kiingilio na utaratibu wa zamu. Ushuru wa maegesho ulizia halmashauri husika: katikati ya mji ni Jiji, lakini Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege viko Ilemela.

Barabara kubwa ni tatu: Kenyatta kwenda Mkuyuni hadi Buhongwa, Nyerere kwenda Igoma na Kisesa, Makongoro kwenda uwanja wa ndege. Zijue, kisha ujifunze vichochoro vya milimani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema haisubiri tena kivuko. Ila soma kwanza leseni ya gari imeruhusu eneo gani.

Pombe usiguse kabisa ukiwa kazini. Kwa dereva wa abiria, sheria haina kiwango kinachovumilika.

Meli ya Bukoba hufika asubuhi, kwa hiyo wahi bandarini ukiwa na chenji. Na abiria wa soko la samaki la Mwaloni akija na ndoo ya samaki, tandika turubai kwenye buti kabla haijapakiwa, maana maji yale yakiingia kwenye zulia, abiria wa kesho atafungua mlango na kuufunga.