Jinsi ya Kuitoa Katuni ya Shujaa Kitabuni na Kuifanya Filamu

Vijana wa Kirumba na Igoma, hapa Mwanza, wanaochora katuni za mashujaa wenye nguvu za ajabu huniuliza waanzie wapi wanapotaka kuzifanya filamu, na karibu wote hutangulia kunionyesha mchoro wa vazi. Ninawashauri waliweke vazi pembeni, wakisome kitabu chao upya, kisha waandike kwa sentensi moja ni deni gani shujaa wao analilipa, yaani kosa gani la nyuma linalomsukuma. Deni hilo lisiguswe. Mengine yote yanaweza kubadilishwa.

Mfano mzuri ni Spider-Man. Katika katuni ya mwaka 1962, iliyoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko, kijana Peter Parker anajiundia mwenyewe kifaa cha kurushia utando, na anamwacha mwizi akimbie katika studio ya televisheni. Katika filamu ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Sam Raimi, utando unatoka mwilini mwake, na mwizi anaachwa aende zake kwenye ukumbi wa mieleka. Pamoja na mabadiliko hayo hadithi haikuyumba, kwa sababu katika zote mbili kijana anapuuza jambo aliloweza kulizuia, na Ben, kaka wa baba yake aliyemlea, anauawa na mtu yuleyule. Yapo pia mambo ya kitabuni ambayo hayastahili kuvushwa: M'Baku, adui wa Black Panther aliyebuniwa mwaka 1969, katunini alivaa ngozi ya sokwe na kuitwa Man-Ape, yaani Mtu-Sokwe, lakini filamu ya mwaka 2018 ilimbakiza mtu na watu wake, ikaliacha jina hilo.

Ukishalijua deni, shughulikia viputo vya mawazo, yale maduara ya juu ya kichwa yenye maneno anayoyawaza mhusika, maana hapo ndipo wengi hukwama. Tuseme umemchora Masanja, mvuvi wa dagaa anayeona gizani chini ya maji, ambaye kabla ya kupata nguvu hizo aliuza jaketi la kujiokolea la mdogo wake ili anunue petroli ya injini, na mdogo wake akazama usiku wa wiki hiyohiyo. Katunini unamchora ameinama, juu yake kiputo: "Ningejua, nisingeliuza." Ukimpa mwigizaji maneno hayo ayaseme peke yake chumbani, atachekwa. Badala yake, onyesha mapema jaketi likining'inia kwenye msumari karibu na mlango. Baada ya msiba, Masanja anarudi alfajiri na taa yake ya sola, anauinua mkono kuitundika kwenye msumari uleule ulio mtupu, mkono unasita, kisha anaiweka taa sakafuni. Kila atakaporudi nyumbani, taa iwekwe sakafuni, na usimruhusu mtu yeyote katika filamu kulieleza jambo hilo.

Usiugeuze kila mchoro kuwa picha moja ya kamera. Nilifanya hivyo katika jaribio langu la kwanza: ukurasa wenye visanduku sita ukawa picha sita, na tukio zima likapita kabla mtazamaji hajamtambua nani ameanguka majini. Msomaji wa katuni hujipangia mwendo, hukaa kwenye kisanduku kimoja kadiri apendavyo na hurudi nyuma akitaka, lakini mtazamaji wa filamu huburutwa na mhariri. Kwa hiyo kisanduku kimoja kinaweza kuhitaji dakika nzima, na kurasa tatu za mapigano zikatosha sekunde kumi.

Kuhusu nguvu zenyewe, mwigizaji huzibeba zaidi ya kompyuta. Katika Superman ya mwaka 1978 kuna tukio ambalo Christopher Reeve, anayeigiza Superman aliyejificha kama Clark, mtu wa kawaida mwenye miwani, yumo nyumbani kwa Lois, mwanamke anayempenda; anavua miwani, ananyoosha mgongo na sauti yake inakuwa nzito, kisha anabadili nia, anajikunyata tena na kurudi kuwa Clark. Tukio hilo unaweza kulipiga nyumbani kwenu Igoma. Huhitaji hata kumsimamisha shujaa mbele ya Jiwe la Bismarck, ambalo kila mwenye kamera Mwanza amekwisha kulitumia. Mwaloni, kwenye soko la samaki, saa kumi na moja alfajiri, mitumbwi inaposhusha dagaa, ina sura yake yenyewe.

Vibali vya kupiga filamu hutolewa na Bodi ya Filamu Tanzania, na wahusika wa kampuni za Marekani wana wenyewe, kwa hiyo tumia wa kwako au wa mchoraji mliyeandikiana mkataba.

Filamu ikiwa tayari kwa uhariri wa awali, omba nusu saa kwenye kibanda umiza, izime sauti, uwaonyeshe watoto waliopo. Waulize stelingi ni nani na kwa nini anaiweka taa chini. Wakikutajia nguvu zake tu, rudi kwenye tukio la msumari ulipige upya.