Usifyeke chini ya mvule kabla hujaangalia

Wakulima wa Amani, kule Muheza mkoani Tanga, na wote mnaopakana na msitu, hili suala la kusafisha shamba tuliongee, maana kila msimu mtu anaingia na panga anafyeka mpaka kwenye shina la mti mkubwa panabaki peupe kabisa, eti ndo shamba linapendeza.

Pale chini ya mvule au mkuyu pana kitalu cha bure. Usiku popo wanafuata matunda, mchana hondohondo wapo kwenye mkuyu, na hao wote kabla ya kufika hapo walishakula huko msituni, wanatua, wanakunya, mbegu zinadondoka. Ndo maana ukichuchumaa ukaangalia vizuri unakuta miche ya aina nyingi ambayo mti mama wake haupo kabisa shambani kwako. Kivuli nacho kinasaidia, udongo haukauki haraka na nyasi zinakosa jua la kuisonga hiyo miche.

Sasa wanaopata tabu pale ni watoto wa huo mti wenyewe. Mbegu zake nyingi zinaangukia hapohapo, ila fangasi na wadudu wanaoushambulia nao wamejazana hapohapo, kwa hiyo miche yake inakufa kwa wingi na miti mingine inapata nafasi. Wanasayansi wawili, Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971, walilieleza hili, na ni sababu mojawapo inayotajwa ya misitu ya joto kuwa na aina nyingi hivyo za miti.

Kwa mkulima maana yake usipande mvule mtupu eka nzima. Kuna kadudu kanaitwa Phytolyma, kanaingia kwenye kichipukizi, kinavimba kinakuwa kinundu cha kijani, kikipasuka kinaoza na mche unadumaa au unakufa, na mivule ikiwa imebanana kanahama mche hadi mche bila shida. Changanya na miti mingine, mvule mmoja mmoja, na uianzishie kwenye kivuli chepesi.

Eneo lote lililo chini ya matawi liache, ukishindwa acha hata nusu, mahindi pale si yanatoka membamba tu jamani? Iliki inakubali kivuli sawa, lakini ukifyeka miche yote ukaweka iliki tupu, miti mikubwa ikizeeka hakuna ya kurithi nafasi yake.

Ila usihifadhi kila kitu. Msizi (Maesopsis eminii) uliletwa Amani ukapandwa, hondohondo wakausambaza mpaka ndani ya msitu, unachukua nafasi ya miti ya asili, kwa hiyo huo ukiuona mdogo ng'oa.

Miche ikibanana hamisha wakati wa masika, ikiwa bado mifupi, siku ya mawingu. Chimba na bonge la udongo wake, punguza majani nusu. Mvule mchanga utaujua kwa jani lenye meno pembeni, tofauti na la mti mzima.