Kuchagua mashine ya kusaga jasi ya Kilwa

Kabla hujalipia kinu, muulize mnunuzi anaitaka jasi katika hali gani. Viwanda vya saruji, kama kile cha Dangote Mtwara, husaga jasi pamoja na klinka (vinundu vilivyochomwa vinavyosagwa kuwa saruji), kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 ya mchanganyiko. Wanachohitaji ni mawe makavu na safi, unga hauwasaidii. Ukiwa na mteja wa namna hiyo, krasha ya taya, yaani mashine ya kuponda mawe, inatosha, na fedha ya kinu iweke kwenye usafiri.

Mkulima wa karanga anahitaji kalsiamu ardhini pale maganda yanapojaza, na chenga zilizochanganyika na unga, chini ya milimita 2, zinamfaa. (Jasi isiuzwe kama dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Kazi hiyo ni ya salfa, na jasi haiiwezi.) Plasta, urembo wa dari na chaki ndivyo vinavyodai unga laini hasa: wa kupita chekeche la meshi 100, yaani matundu ya maikroni 150 (milimita 0.15), na wateja wengine hutaka meshi 200, maikroni 75. Ulaini huo ndio unaoamua bei ya mashine. Tangazo la “tani 3 kwa saa” halina maana mpaka muuzaji aseme ni kwa meshi ngapi, kwa sababu kila unavyobana ulaini, uzalishaji unaporomoka.

Baada ya mteja, pima jiwe. Jasi ina ugumu wa 2 kwenye kipimo cha Mohs, hivyo ukucha huikwaruza. Jiwe linalofanana nayo lakini likakataa ukucha huenda ni anihidraiti (jamaa ya jasi isiyo na maji ndani) au chokaa, na plasta yake haitaganda vizuri. Kwa kipimo cha uhakika zaidi, anika unga juani mpaka ukauke, pima gramu 100, kisha uweke kwenye oveni ya nyuzi 220 hivi hadi uzito uache kushuka. Jasi safi hupoteza gramu 20.9, ambazo ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Ikipotea gramu 18, gawanya kwa 20.9 na utapata usafi wa asilimia 86 hivi. Angalia pia mchanga. Jasi yenyewe ni laini. Kinachomaliza nyundo na kutoboa chekeche ni mchanga na kokoto ulizoshindwa kuchambua machimboni.

Sasa mashine. Kwa mzalishaji mdogo, mpangilio unaofanya kazi ni krasha ya taya inayoshusha mawe hadi sentimita 2, kisha kinu cha nyundo chenye feni na saikloni (pipa linalotenga unga na hewa), kisha chekeche la kuzunguka linalorudisha chenga kinuni. Usijaribu kupata meshi 100 kwa chekeche la ndani ya kinu peke yake. Matundu yakiwa chini ya nusu milimita huziba haraka na bati lake huchanika. Weka chekeche la milimita 1 ndani, uchambuzi ufanyike nje.

Mwendo wa ncha za nyundo ndio unaovunja jiwe. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika, yenye puli ya sentimita 25, ikizungusha kinu chenye puli ya sentimita 20, inakupa mizunguko 1,810 hivi. Rota, sehemu inayozunguka na nyundo, ikiwa na kipenyo cha sentimita 60, ncha zinakimbia mita 57 kwa sekunde, na hapo jasi inasagika vizuri. Nyundo zikibadilishwa, zipime kwenye mizani: zinazokabiliana lazima zilingane uzito, la sivyo kinu kitatetemeka na beringi zitakufa mapema. Upande mmoja ukilika, zigeuze zote kwa pamoja.

Kinu cha rola chenye kichambuzi cha hewa, kinachotenga unga laini na chenga kwa upepo, ndicho bora kwa meshi 100 hadi 325, lakini kinataka msingi mzito wa zege, fundi anayekijua na umeme wa fezi tatu usioyumba. Kinu cha mipira ya chuma, kama kile cha wachenjuaji dhahabu, hatukishauri. Kinakula umeme mwingi kwa jiwe laini namna hii, kinapasha unga joto na kuuchafua kwa chuma, wakati mteja wa plasta analipia weupe. Na kinu cha kijijini cha mahindi kisiguswe kabisa: bati lake ni jembamba, na kikishasaga jasi hakifai tena kwa chakula.

Maji ndiyo yanayosimamisha kazi mara nyingi kuliko ubovu wa mashine. Mvua za Lindi na Mtwara huanza Novemba au Desemba hadi Aprili, na jiwe lililolowa hugeuka tope ndani ya chekeche. Saga akiba wakati wa kiangazi, funika mawe kwa turubai juu ya sakafu iliyoinuliwa. Kausha kwa jua na upepo. Ukitumia moto mkali unaanza kutoa maji ya ndani, na unga unakuwa nusu plasta kabla ya wakati wake. Kwa wanaokaanga plasta kwenye masufuria, saga kwanza, kaanga kwa nyuzi 150 hivi, iache ipoe, kisha ifunge kwenye mifuko yenye plastiki ndani, maana unyevu wa pwani huigandisha.

Vumbi likitoka kwenye shafti, feni ni dhaifu au mifuko ya kuchuja imeziba. Usizibe kwa matambara; kung’uta mifuko, na wafanyakazi wavae barakoa za vumbi.

Kabla ya kununua, peleka kilo 200 za jiwe lako kwa muuzaji, zisagwe mbele yako. Chekecha gramu 100 za unga kwenye meshi 100: zikibaki zaidi ya 10 juu, chekeche la nje au kichambuzi hakitoshi. Gusa nyumba ya beringi baada ya saa moja ya kazi. Isiwe ya kuunguza mkono. Kisha andika namba za beringi na mikanda, ujue kama zinapatikana Lindi au Mtwara mjini, na uondoke na seti ya pili ya nyundo pamoja na machekeche mawili ya akiba.