Mshike Sungura Kabla Hajaugua

Sungura ni mnyama anayeficha ugonjwa. Porini anayeonekana mnyonge ndiye huliwa kwanza, na tabia hiyo haikumtoka alipoingia kizimbani. Ng'ombe akiugua atajitenga na wenzake, kuku atajikunyata. Sungura ataendelea kuketi vilevile hadi asubuhi utakayomkuta amelala ubavu. Ndiyo maana wafugaji wengi, kuanzia Njoro na Bahati hadi Vihiga, husema sungura wao "hufa ghafla". Mara nyingi hakuna ghafla yoyote. Sungura aliugua siku kadhaa na hakuna mkono uliomgusa.

Kila asubuhi, kabla ya kumwaga chakula kipya, tazama kilichobaki na tazama chini ya kizimba. Kinyesi kizuri ni vidonge vya mviringo, vikavu, vingi, vya ukubwa unaolingana. Ukikuta chombo kimejaa tangu jana na chini hakuna kitu, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, si ya kungoja soko la Jumamosi. Utumbo wa sungura hautakiwi kusimama. Siku moja bila kula inatosha kumtia hatarini. Kuna mambo mawili huwatisha wageni bure. La kwanza, sungura hula kinyesi chake laini, hasa usiku, akikichukua moja kwa moja kwenye tupu yake. Muache, anarudisha vitamini na protini mwilini. La pili, mkojo wake unaweza kuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu kutokana na majani aliyokula. Ukidumu hivyo au ukiona matone ya damu hasa, hapo uliza daktari.

Mara moja kwa wiki, mtoe kizimbani umkague. Kumbeba kwa masikio ni ukatili, na bado naona watu wazima wakifanya hivyo sokoni. Shika ngozi iliyolegea nyuma ya shingo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ubebe makalio. Miguu ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa ya mgongo wake, kwa hiyo akirusha teke huku ananing'inia anaweza kujivunja uti na asitembee tena. Muweke kwenye meza iliyotandikwa gunia ili asiteleze.

Anza na pua, kisha geuza miguu ya mbele uangalie upande wa ndani. Sungura mwenye mafua hujipangusa kamasi kwa mikono, kwa hiyo manyoya yaliyogandamana hapo yatakueleza habari hata kama pua ni safi wakati huo. Mtenge mara moja. Fungua midomo uone meno ya mbele. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, takriban milimita mbili hadi tatu kwa wiki, na yanayoyasaga ni majani makavu yenye nyuzi ndefu. Hei ya boma rhodes, ambayo Nakuru si adimu, iwe mbele yake usiku na mchana. Chakula cha duka peke yake hakitoshi. Meno yakipishana na kutoka nje, usiyakate kwa koleo, kwani hupasuka hadi mzizini. Mwite daktari wa mifugo. Sungura wa namna hiyo usimzalishe, maana kasoro hiyo mara nyingi hurithiwa.

Masikio ndiyo yanayonipa kazi nyingi kuliko kiungo kingine chochote. Utitiri wa masikioni huanza kwa sungura kutikisa kichwa na kujikuna. Baadaye ndani ya sikio hujaa magamba ya kahawia yaliyopangana tabaka juu ya tabaka. Kishawishi cha mfugaji ni kuyabandua. Usiyabandue! Chini yake ni kidonda kibichi, na utamwumiza kiasi kwamba siku nyingine hatakubali kushikwa. Tia matone machache ya mafuta ya kupikia kila siku ili magamba yalainike na kudondoka yenyewe. Mafuta ni ya kulainisha. Tiba yenyewe ni sindano ya ivermectin chini ya ngozi, kipimo kikikadiriwa na daktari kwa uzito, ikirudiwa baada ya kama wiki mbili kwa sababu dawa haiui mayai ya utitiri. Watibiwe wote wanaopakana siku moja, na vizimba visuguliwe, la sivyo mtarudi palepale. Muulize daktari ni siku ngapi zipite kabla nyama yake haijaliwa. Upele unaotokea puani, kwenye kingo za masikio na vidoleni ni wa utitiri wa aina nyingine, na huo unaweza kukuwasha hata wewe; nawa mikono kwa sabuni.

Kucha zikatwe kila baada ya wiki nne hadi sita. Kwenye ukucha mweupe utaona mshipa wa waridi. Kata mbele yake. Ukucha mweusi umulike kwa tochi ya simu kutoka chini. Damu ikitoka, kandamiza kwa unga wa mahindi hadi ikome. Ukiwa hapohapo geuza visigino. Waya wa sakafu huchubua nyayo, hasa za sungura wazito, na kidonda hicho hakiponi akiendelea kukaa juu ya waya. Kipande cha ubao kikavu cha kukalia ni tiba tosha kikiwekwa mapema.

Usimwogeshe. Maji humtia hofu na baridi, na katika usiku wa Molo sungura aliyelowa anaweza asifike asubuhi. Tupu ikichafuka, panguza kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na umkaushe kabisa. Anapopukutisha manyoya, mchane kwa brashi laini, kwa kuwa hawezi kutapika yale anayoyameza. Jike akijinyonyoa tumboni karibu na siku ya 31 baada ya kupandishwa si mgonjwa, anatandika kiota. Sanduku la kuzalia liwe ndani kuanzia siku ya 27 au 28.

Banda linategemea unapoishi. Kando ya ziwa, Kisumu, adui ni joto: sungura hatoi jasho, hupoza mwili kwa masikio, na joto likizidi nyuzi 30 hutweta na dume hupoteza uwezo wa kutungisha mimba kwa wiki kadhaa. Paa la mabati lifunikwe kwa nyasi, na mchana muwekee chupa ya maji baridi aegemee. Molo na Elburgon kinga upepo wa usiku, lakini usizibe banda pande zote. Siku hizi wengi wanakinga mkojo wa sungura wautumie kama mbolea ya mboga, jambo zuri, ila mtungi usiomwagwa hutoa harufu kali inayochoma pua za sungura na kuleta mafua. Ukiinama kwenye kizimba macho yakawasha, umechelewa.

Kinyesi kiondolewe kila siku, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Viini vya koksidia, vimelea vya utumbo vinavyotoka na kinyesi, huhitaji siku moja au zaidi kwenye unyevu kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo ufagio wa kila asubuhi unavitangulia. Wanaokufa zaidi ni watoto walioachishwa kunyonya karibuni: tumbo limevimba, mgongo umetokeza, wanahara. Majani mabichi yaanikwe kivulini hadi yanyauke kabla ya kuwapa. Majani ya viazi vitamu ni mazuri. Ya viazi mbatata, nyanya na parachichi yana sumu, na watoto wanaotumwa kukata majani wasipoambiwa watakuletea kilicho karibu.

Dawa za kuazima huua sungura wengi kuliko watu wanavyokubali. Ampisilini, amoksisilini na penisilini zikinyweshwa huua bakteria wema wa tumboni, naye hufa kwa kuhara siku chache baadaye, kisha lawama inaangukia ugonjwa. Dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronil ni sumu kwake. Ukiingia agroveti, duka la dawa za mifugo, taja kwamba mgonjwa ni sungura, taja umri wake na uzito uliopima kwa mizani, na wakikupa chupa yenye picha ya kuku au mbwa bila maelezo, mpigie afisa wa mifugo wa wadi yako kabla hujaifungua.