Simu kuwa rimoti ya Kodi, na cha kufanya isipoliona boksi

Kodi, programu ya kupiga muziki na filamu, ikiwa kwenye boksi la Android, laptop au Raspberry Pi (kompyuta ndogo), na sabufa imechomekwa, simu inatosha kuchagua na kupiga muziki bila hata kuwasha TV. Kwenye simu ya Android weka programu ya rimoti iitwayo Kore. Ni ya bure, haina matangazo, na hutolewa na timu ileile ya Kodi. Rimoti za "simu moja kwa TV zote" zilizojaa matangazo, achana nazo.

1. Upande wa Kodi

Fungua Settings, Services, halafu Control. Washa Allow remote control via HTTP. Port ibaki 8080, jina libaki kodi, nenosiri weka lako. Humohumo washa Allow remote control from applications on other systems. Watu wengi huiruka hii, na matokeo yake wimbo umeshabadilika lakini simu bado inaonyesha wa zamani.

2. Upande wa simu

Fungua Kore, iache itafute, chagua boksi, andika nenosiri.

3. Kore isipoona kitu

Hapa ndipo jioni nzima hupotea, kwa hiyo usianze kufuta na kusakinisha upya. Kwanza soma anwani ya IP ya boksi (namba yake kwenye mtandao) kwenye System information, tuseme 192.168.1.20. Kisha kwenye kivinjari cha simu andika http://192.168.1.20:8080.

Ukiulizwa jina na nenosiri, mtandao ni mzima. Rudi Kore, jaza anwani kwa mkono, na angalia herufi kubwa na ndogo za nenosiri.

Ukurasa ukizunguka tu bila kufunguka, simu haifiki kwenye boksi. Kagua kwa mpangilio huu:

- Data ya simu. Bando la wifi likiisha, Android huona wifi haina intaneti na kupitisha mawasiliano kwenye data ya laini. Zima data. Kore haihitaji intaneti, inahitaji ruta iwe inawaka tu. VPN nayo izimwe.
- Wifi ya wageni. Ruta huitenga na vifaa vingine makusudi. Kuna pia kitu kinaitwa AP Isolation kwenye mipangilio ya wifi ya ruta; kikiwa kimewashwa, kila kifaa kinapata intaneti lakini havionani. Kizime.
- Ruta mbili. Simu ikiwa na 192.168.0.x na boksi 192.168.1.x, ruta ya pili imechomekwa kupitia tundu la WAN (la kupokea intaneti) na imeunda mtandao wake. Ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), kisha hamishia waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani).
- Laptop ya Windows. Mtandao ukiwa umewekwa Public, ukuta wa moto (firewall) huzuia. Weka Private.

Ikiunganika leo na kupotea baada ya umeme kukatika, ruta imegawa anwani upya. Tenga anwani ndani ya ruta, kwenye DHCP reservation, kwa kutumia MAC ya boksi (namba ya utambulisho ya kifaa). Wifi na waya zina MAC tofauti, hivyo tenga ile inayotumika. Anwani ya kudumu ndani ya boksi lenyewe siipendi: ukibadilisha ruta, utalazimika kutafuta TV na kibodi ndipo uirekebishe.

4. Sauti

Kama sauti inasikika ila vitufe vya simu haviipandishi wala kuishusha, tazama Settings, System, Audio: Allow passthrough imewashwa. Sauti inapita ghafi hadi kwenye amplifaya, na Kodi haina la kuigusa. Izime. Kwa sabufa ya waya wa 3.5 mm, chagua hapohapo tundu la kutolea sauti na uweke chaneli 2.0 (kushoto na kulia). Raspberry Pi 4 ina tundu hilo. Pi 5 haina, itahitaji kadi ya sauti ya USB. Kisha weka Kodi kwenye 100%, kitasa cha sabufa kigeuze hadi sauti kubwa kuliko zote unayoweza kuvumilia sebuleni, na kuanzia hapo punguza kwa simu.