Kayamba Linalowaka Mtoto Akilitikisa

Nina kibanda cha kutengeneza redio hapa Busia, upande wa Uganda, na mkaguzi wangu mkuu ni mpwa wangu wa miaka 4. Kichezeo cha kwanza nilikiwekea swichi ya kawaida. Akawasha, akazima, akawasha, kisha akakitupa chini ya meza na kurudia vifuniko vyake vya soda. Alitaka taa imjibu anapofanya jambo. Ndiyo maana siku hizi natengeneza kayamba.

Tafuta kopo gumu la plastiki angavu lenye kifuniko cha kuzungusha. La siagi ya karanga linafaa. Lisugue ndani kwa msasa mpaka liwe na ukungu. Usiposugua, mtoto ataona nukta moja kali tu. Ukisugua, kopo zima linang'aa.

Kazi yenyewe iko kwenye swichi. Omba kwa fundi baiskeli gololi moja ya chuma, uioshe grisi kwa mafuta ya taa, maana grisi huzuia umeme. Kata sentimita 3 za mrija mgumu wa plastiki ambamo gololi inateleza bila kukwama, uzibe upande mmoja kwa gundi. Tumbukiza gololi. Upande wa pili pitisha nyaya mbili zilizomenywa, zisigusane, lakini mwanya wake uwe mdogo kuliko gololi, kisha uzibe. Gololi ikiziangukia zote mbili, taa inawaka, ikiruka, inazimika. Ukisikia tik-tik na taa imenuna, nyaya zimejibana ukutani: zipinde kidogo zielekee katikati.

Umeme ni wa mawe mawili ya tochi, saizi AA, yaliyofuatana: volti 3. Tumia LED nyekundu, yaani kile kitaa kidogo cha kielektroniki chenye miguu miwili, inayotosheka na volti 2 hivi. Nyeupe hutaka karibu 3 na hufifia mawe yakichoka kidogo tu. Mguu mrefu wa LED uelekee chanya ya mawe, na kati yake na mawe weka rezista, kipande cha kupunguza umeme, ya omu 100 (mistari kahawia, nyeusi, kahawia); mguu mfupi upitie swichi ya gololi hadi hasi. Redio mbovu zinazo tele.

Betri zile bapa kama kitufe sizitaki tena kwenye kichezeo. Niliwahi kuitumia moja, nikamkuta mtoto wa jirani ameichomoa, iko njiani kwenda mdomoni. Ikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa 2. Hata hizi AA, funga kifuniko kwa skrubu mbili.

Panga mrija nyaya zikiwa juu, ili kayamba likisimama lizimike. Kisha mpe mtoto, unyamaze, utazame. Wangu alitikisa kwa mdundo kama dakika kumi, halafu akagundua kwamba akiligeuza kichwa chini linabaki linawaka. Umeme ulipokatika jioni ile, akaenda nalo chooni kama tochi.